Gretzky wako au Hašek wa shemeji?

*Maswali ya wasomaji kuhusu hoki ya barafuni*

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi na wenzangu saba, Watanzania, Wakenya na Wakongomani tuliotawanyika miji mbalimbali ya Kanada, tuna ligi yetu ya timu za ndoto. Kila mmoja alichagua kwa zamu wachezaji 11 kutoka historia nzima ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini: washambuliaji 6, mabeki 4 na kipa 1, na kila mchezaji anahesabiwa alivyokuwa kwenye miaka yake bora. Wawili wakikutana, kila upande unatoa hoja zake, kisha waliobaki wanapiga kura.

Jumamosi nakutana na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayekaa Calgary. Ni nusu fainali, anayetangulia kushinda mechi 4 kati ya 7. Nimemaliza juu yake kwenye msimamo, kwa hiyo mechi ya kwanza, ya pili, ya tano na ya saba ni kwangu.

Timu yangu: safu ya kwanza Alexander Ovechkin, Wayne Gretzky na Mike Bossy, ya pili Luc Robitaille, Marcel Dionne na Brett Hull, mabeki Paul Coffey, Al MacInnis, Brian Leetch na Brad Park, kipa Grant Fuhr.

Timu ya shemeji: safu ya kwanza Ted Lindsay, Bryan Trottier na Guy Lafleur, ya pili Bob Gainey, Bobby Clarke na Jarome Iginla, mabeki Bobby Orr, Larry Robinson, Scott Stevens na Rod Langway, kipa Dominik Hašek.

Washambuliaji wangu wana zaidi ya mabao 4,500 ya msimu wa kawaida ukiwajumlisha. Wa kwake hawafiki 2,700. Halafu wenzetu wanamcheka, wanasema Iginla kamchagua kwa sababu ya rangi tu. Mimi naona nimeshavuka, lakini mke wangu amekataa kuniunga mkono mpaka wewe useme. Tulinganishie. – *Msomaji, Winnipeg*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mke wako amefanya vyema kusubiri, maana hayo mabao 4,500 ndiyo hoja yako dhaifu kuliko zote, na ukiianza nayo Jumamosi shemeji atakumaliza kabla hujafika kwa Gretzky.

Angalia yalipofungwa. Msimu wa 1981–82, mechi moja ya NHL ilikuwa na mabao 8 kwa wastani, timu zote mbili pamoja. Msimu wa 2001–02 wastani ulikuwa mabao 5 na robo. Makipa wa mwanzo wa miaka ya themanini walikuwa wadogo ndani ya vifaa vyao, wakicheza wima, na ligi ilikuwa imepanuka kwa kasi hadi timu nyingi zikawa na mabeki wa kuokoteza. Kufikia mwisho wa miaka ya tisini kipa anapiga magoti, anafunga chini kote, na mbele yake kuna watu watano wanaokaba. Bossy alifunga mabao 64 msimu huo wa 1981–82. Yapeleke kwa uwiano kwenye msimu wa 2001–02, yanabaki kama 42. Iginla naye, msimu huo wa 2001–02, alifunga 52 na kuongoza ligi nzima. Yarudishe nyuma miaka ishirini, yanakaribia 80.

Simaanishi Iginla alikuwa mfungaji bora kuliko Bossy. Bossy alifunga mabao 50 au zaidi misimu 9 mfululizo, na hesabu ya uwiano huwa inamkuza aliyecheza enzi za ukame. Lakini wanaomcheka shemeji yako waache. Iginla, ambaye baba yake alitoka Nigeria, ana mabao 625 na pointi 1,300 (bao ni pointi moja, na pasi ya bao ni pointi moja), na mengi ya hayo ameyapata katika miaka migumu kuliko yote ya kufunga tangu miaka ya hamsini. Ndiye aliyetoa pasi ya bao la dhahabu la Sidney Crosby kwenye fainali ya Olimpiki kule Vancouver mwaka 2010, akiwa anaanguka huku beki amemlalia. Mtu wa aina hiyo kwenye safu ya pili, kushoto kwake Clarke na Gainey, ni uchaguzi wa mtu anayejua hoki. Na kama hoja yao ni rangi, wewe mwenyewe golini umemweka Grant Fuhr, mchezaji wa kwanza mweusi kuingia kwenye Jumba la Umaarufu la hoki, mwaka 2003. Mbona wewe hawakucheki? Iginla alikulia karibu na Edmonton na utotoni alianza kama kipa akimfuata Fuhr. Jumamosi umewakutanisha.

Sasa Gretzky. Hapa nakupa haki yako yote, maana kuna watu siku hizi wanataka kumpunguza Gretzky kwa hesabu hiyohiyo niliyoitumia kwa Bossy. Haipunguziki hivyo. Msimu wa 1981–82 alipata pointi 212. Aliyemfuata ni huyu Bossy wako, akiwa na 147. Wote walicheza ligi moja, mbele ya makipa walewale, na tofauti ni pointi 65. Enzi inaeleza kwa nini namba za kila mtu zilikuwa kubwa. Haielezi kwa nini mtu mmoja alikuwa peke yake huko juu.

Mimi kazi yangu ni kutunza uwanja wa barafu wa mtaa hapa Montréal. Jioni nikisubiri kuingiza mashine ya kulainisha barafu, nasimama nyuma ya goli nikiangalia vijana wanamaliza mazoezi, na karibu kila kijana akipata kisahani, yaani "mpira" wa hoki, pale nyuma ya nyavu anajaribu kufanya kama Gretzky. Ukisimama pale ndipo unaelewa alichokuwa akifanya. Goli lina upana wa mita 1.83 na urefu wa kwenda juu mita 1.22. Kipa akitaka kukuona ukiwa nyuma yake lazima ageuze shingo, na akigeuza shingo hamwoni anayekuja mbele. Beki akikufuata upande wa kulia, unatokea kushoto. Wakikufuata wawili, mmoja ameacha mtu wake wazi. Gretzky alikuwa anakaa pale hatua chache, hana haraka, anasubiri mmoja wao akosee, halafu kisahani kinatoka. Na kwenye timu yako kinatoka kwenda kwa nani? Kwa Bossy, aliyekuwa akipiga kabla hakijatulia kwenye gongo, au kwa Ovechkin, aliyempita Gretzky mwenyewe kwa bao la 895 Aprili 2025. Safu yako ya kwanza ni bora kuliko ya shemeji, na si kwa kidogo.

Kwa hiyo pambano lote ni hili: shemeji ana watu wa kuizima safu hiyo, na safu yako ya pili ina nini cha kuongeza ikizimwa?

Ya kwanza ina ushahidi wa pande zote mbili, na wewe una bahati kwamba ushahidi upo kwenye kumbukumbu za hawahawa uliowachagua. Fainali ya mwaka 1983, Gretzky na Edmonton Oilers walikutana na New York Islanders. Oilers walifagiwa mechi 4 bila. Walifunga mabao 6 tu katika mechi zote nne, na Gretzky hakufunga hata moja. Trottier wa shemeji alikuwa kwenye kikosi hicho cha Islanders. Bossy wako pia alikuwemo, kwa hiyo usimwache shemeji aichukue hadithi hiyo yote. Ila Trottier ndiye senta, na mzigo wa kumkaba senta mwenzake ni wake.

Wewe mjibu kwa mwaka 1981. Raundi ya kwanza, Oilers walikuja hapa Montréal wakiwa watoto, Gretzky akiwa na miaka 20, dhidi ya Canadiens waliokuwa na Larry Robinson, Bob Gainey na Guy Lafleur. Watatu hao wote ni wa shemeji. Mechi ya kwanza Gretzky alitoa pasi 5 za mabao, na Oilers wakashinda 3 bila kwenye raundi ya anayetangulia kushinda 3. Wazee wa mtaa wangu bado wanaiongelea kwa uchungu. Shemeji anaweza kukuambia Lafleur wa 1981 hakuwa yule wa 1977, na atakuwa sahihi, kwa kuwa mmekubaliana miaka bora. Lakini Gainey wa 1981 alikuwa anashinda tuzo ya Selke ya mshambuliaji mkabaji, ya nne mfululizo. Yeye hana kisingizio.

Halafu kuna jambo ambalo hukuliandika kwenye barua yako isipokuwa kwa kupita, nalo ni kubwa kuliko mabao 4,500: mechi nne kati ya saba ni kwako. Katika hoki, mchezo ukisimama, timu mgeni inaweka watu wake uwanjani kwanza, kisha mwenyeji anaangalia na kuweka wake. Kwa hiyo ukiwa nyumbani shemeji akiwaingiza Clarke na Gainey, wewe unawaweka Robitaille na Dionne. Wakitoka wao, unamwingiza Gretzky dhidi ya safu ya Lindsay na Trottier. Ukiwa Calgary yeye ndiye anachagua, na kila mara Gretzky akipanda barafuni atamkuta Clarke anamngoja, huku Langway na Robinson wako nyuma. Bobby Clarke ana tuzo 3 za Hart, ya mchezaji bora wa ligi, alicheza maisha yake yote na kisukari, na hakuna aliyewahi kumwona amechoka kumfuata mtu. Langway walimwita Waziri wa Ulinzi. Alishinda tuzo ya Norris ya beki bora mwaka 1983 katika msimu aliofunga mabao 3 tu, wakati kila mpiga kura angeweza kumpa beki mwenye pointi nyingi. Fikiria ubora wa ukabaji uliowashawishi.

Safu yako ya pili ndiyo inanipa wasiwasi. Robitaille alijua goli kuliko watu wengi, mabao 668, lakini hakuwa na kasi. Dionne ni mmoja wa wafungaji wakubwa wa historia, mabao 731, na namhurumia kwa sababu alicheza miaka mingi kwenye timu zisizo na kitu. Lakini kwenye mchujo, mechi za kuwania kombe baada ya msimu wa kawaida, ana mechi 49 tu na pointi 45, na fainali hakufika kamwe. Sisemi alishindwa. Nasema wapiga kura wenu watalitaja, na huna la kuwajibu. Anayekubeba pale ni Brett Hull. Mabao 86 msimu wa 1990–91, na kuna usiku mmoja wa Juni 1999 ambao lazima uutaje.

Ilikuwa mechi ya sita ya fainali, Buffalo, muda wa nyongeza wa tatu, 1–1. Golini yuko huyuhuyu Hašek. Hull wa Dallas anapiga, Hašek anaokoa, kisahani kinarudi miguuni mwa Hull, anakisogeza kwa kiatu mpaka kwenye gongo, anapiga tena, kinaingia. Kombe limekwenda Dallas. Guu la Hull lilikuwa ndani ya eneo la kipa, na sheria ya wakati huo ilikuwa kali kuhusu hilo; ligi ikasema alikuwa na umiliki wa kisahani, kwa hiyo ni halali, na baada ya msimu sheria yenyewe ikaondolewa. Watu wa Buffalo hawajakubali mpaka leo. Lakini kwa hoja yako, Hull ndiye mtu aliyemfunga Hašek wakati mgumu kuliko wote.

Na hapo tumefika kwa Hašek, ambako mimi naona kura zitaamuliwa.

Katika maisha yake ya NHL Hašek aliokoa asilimia 92.2 ya mikwaju. Fuhr asilimia 88.7. Timu ikipigiwa mikwaju 30 kwa mechi, tofauti hiyo ni bao 1 kila usiku. Usiikubali yote. Fuhr alicheza miaka yake bora wakati makipa wa wastani walikuwa chini ya asilimia 88, na alicheza nyuma ya Oilers, timu iliyokuwa inapanda watu wote watano na kumwachia yeye wageni wanaokuja wawili, watatu, peke yake. Kwa hiyo namba yake inamdhulumu. Lakini hata ukimrudishia haki, anabaki kipa mzuri aliyekuwa karibu na wastani wa wakati wake kwa namba, na mkubwa kuliko namba zake siku ya fainali. Hašek yuko juu ya wastani wa wakati wake kwa kiasi ambacho kwa mikwaju 30 ni nusu bao kila mechi. Mechi saba, mabao 3 na nusu. Katika mfululizo wa timu kubwa namna hii, mabao 3 ni mechi mbili. Aliongoza ligi kwa asilimia ya kuokoa misimu 6 mfululizo, akachukua tuzo 6 za Vezina, ya kipa bora, na 2 za Hart, 1997 na 1998. Kipa kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi mara mbili, hakuna mwingine.

Kuna Nagano pia. Februari 1998, nusu fainali ya Olimpiki, Kanada na Czech zilimaliza 1–1 wakaenda kwenye mikwaju. Wakanada watano walimwendea Hašek mmoja mmoja, na mmoja wao alikuwa Ray Bourque, ambaye ni beki. Aliwazuia wote watano. Gretzky alikuwa kwenye benchi, hakuchaguliwa kupiga. Mpaka leo ukikaa kwenye mkahawa wowote wa mji huu, watu wanabishana kuhusu uamuzi huo wa kocha. Shemeji atasema Hašek aliwazuia. Wewe sema Gretzky hakupewa nafasi. Wote mtakuwa mmesema kweli.

Mabeki nitakuwa mfupi kwa sababu Orr anafupisha mambo. Coffey wako ana rekodi ya mabao 48 kwa beki katika msimu mmoja, 1985–86, na rekodi hiyo aliivunja kwa Orr mwenyewe aliyekuwa na 46. Vizuri. Lakini msimu wa 1970–71, bila kuhesabu mabao ya watano kwa wanne (mpinzani akiwa na mtu kwenye adhabu), Boston wakiwa na Orr uwanjani walifunga mabao 124 zaidi ya waliyofungwa. Hakuna aliyekaribia tena. Aliongoza ligi kwa pointi mara mbili akiwa beki. Brad Park wako unamjua: mara 6 alikuwa wa pili kwenye tuzo ya Norris, na mara 4 kati ya hizo aliyekuwa mbele yake ni Orr. MacInnis na Leetch wote walishinda Conn Smythe, tuzo ya mchezaji bora wa mchujo, 1989 na 1994, kwa hiyo usione nawadharau. Mkwaju wa MacInnis makipa walikuwa wanauogopa kwa mwili wao. Ila mabeki wako wanne wote raha yao ni kupanda. Nani anabaki? Park peke yake ndiye ninayeweza kumwamini usiku Lafleur anakuja kwa kasi winga ya kulia.

Kabla ya Jumamosi mkubaliane jambo moja ambalo barua yako haikusema: mnacheza kwa sheria za mwaka gani? Hili si dogo. Mpaka mwaka 2004 pasi haikuruhusiwa kuvuka mistari miwili. Iliporuhusiwa mwaka 2005, pasi ndefu zikafunguka, na wewe una Coffey na Leetch wa kuzipiga. Tangu msimu wa 2010–11 kumgonga mtu kichwani akiwa hajakuona ni kosa kubwa, na Scott Stevens alijenga nusu ya jina lake kwa migongano ambayo leo ingemfungia mechi kadhaa. Lindsay naye alistaafu akiwa mwenye dakika nyingi za adhabu kuliko mtu yeyote, na Clarke hakuwa malaika. Ukifanikiwa kuwashawishi wenzenu kwamba mnacheza kwa sheria za leo, shemeji atakuwa na mtu kwenye benchi la adhabu kila wakati, na wewe utakuwa na Gretzky, Ovechkin, Bossy, MacInnis na Coffey dhidi ya watu wanne. Hakuna kikosi cha watano kwa wanne ninachoweza kukifikiria chenye hatari kuliko hicho. Ovechkin ndiye mwenye mabao mengi zaidi ya aina hiyo katika historia, mengi yakitoka sehemu ileile, duara la kushoto, kila mtu anajua linakuja na bado linaingia.

Hukumu yangu, kwa sheria za leo: shemeji kwa mechi saba. Kwa sheria za kila mchezaji na enzi yake: shemeji kwa mechi sita, na ya sita ni kwake. Atapokea kipigo kimoja kikubwa nyumbani kwako, kama 6–2, Gretzky akiwa na pointi nne. Kisha Hašek ataiba mechi moja ya 2–1 ambayo wewe umepiga mikwaju 40, na baada ya hapo mizani haitarudi. Ningependa iwe vinginevyo. Gretzky ndiye mchezaji mkubwa kuliko wote katika orodha zenu mbili, na inaniuma kumwandikia ameshindwa. Lakini wewe uliweka karibu kila kitu mbele. Kama kanuni zenu zinaruhusu kubadilishana mchezaji mmoja kabla ya mchujo, mtoe Robitaille utafute winga wa kushoto anayekaba. Kwa badiliko hilo moja, na sheria za leo, nakupa wewe mechi ya saba.

SWALI: Mzee, shikamoo. Kila nikisoma orodha hizi naona watu wa miaka ya 1950. Ligi ilikuwa na timu sita tu, wote karibu ni Wakanada, hakuna Mrusi, hakuna Msweden. Kweli Ted Lindsay angepata namba leo? – *Msomaji, Minneapolis*

JIBU: Marahaba. Timu sita maana yake ni nafasi chache kupita kiasi, si kwamba ilikuwa rahisi kuingia. Kila kijana wa Kanada alitaka nafasi zilezile, na ukiumia wiki mbili kuna mtu amekaa kwenye kiti chako. Unavyosema kuhusu Wazungu wa Ulaya ni kweli na lazima mtu akate kidogo kwa ajili hiyo. Lakini pima pia walichokuwa wanakosa. Makipa karibu wote hawakuvaa kinyago mpaka kipa Jacques Plante alipopasuliwa uso tarehe 1 Novemba 1959 na kukataa kurudi golini bila hicho. Magongo yalikuwa bapa.

Na usifikiri walikuwa dhaifu kwa kufunga. Tarehe 5 Novemba 1955 Jean Béliveau aliwafunga Boston mabao 3 ndani ya sekunde 44, Canadiens wakiwa wengi uwanjani. Wakati huo aliyeadhibiwa alikaa dakika zake zote mbili hata timu yake ifungwe mara ngapi. Msimu uliofuata sheria ikabadilishwa, bao likiingia anatoka. Timu moja ilikuwa kali kiasi cha kuifanya ligi ibadilishe sheria.

Lindsay aliongoza ligi kwa pointi mwaka 1950 na alikuwa na makombe 4. Mwaka 1957 alijaribu kuunda chama cha wachezaji, na Detroit wakamuuza Chicago, timu ya mkiani. Mtu aliyekubali kupoteza nafasi yake kwa ajili ya wenzake, mimi namtaka kwenye chumba changu cha kubadilishia nguo enzi yoyote. Kama winga wa safu ya kwanza kwa sheria za leo, hapana. Safu ya pili, ndiyo, bila kusita.

SWALI: Habari za huko Mzee. Sisi Nairobi tuko wanne, tunafuatilia hoki kwa simu. Tunaweza kuanzisha ligi ya aina hii bila kuwa wataalamu? Na tuanzie wapi? – *Msomaji, Nairobi*

JIBU: Nzuri, kijana wangu. Kwanza nyie si wageni wa mchezo huu. Ice Lions wa Kenya walijifunzia palepale Barabara ya Mombasa, kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari ambao ni mdogo kuliko wa NHL, na mwaka 2018 kampuni moja ya kahawa ya Kanada iliwaleta huku wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Nilikuwa naitazama video hiyo kazini na wenzangu wa uwanja wakauliza kama Nairobi kuna baridi.

Mkiwa wanne, msianze na wachezaji 11. Chagueni 6 kila mmoja: kipa, mabeki wawili, senta na mawinga wawili. Jumla 24, mnaweza kuwasoma wote ndani ya mwezi. Andikeni kanuni kabla ya kuchagua: miaka bora au maisha yote ya mchezo, sheria za mwaka gani, na nani anapiga kura wawili wakipambana. Nyie wanne mna kura mbili tu zilizobaki, kwa hiyo tafuteni mtu wa tano wa kuamua zikigongana. Zamu ya kuchagua igeuke kila mzunguko, aliyeanza awe wa mwisho, la sivyo wa kwanza atachukua Gretzky na mzunguko unaofuata achukue tena kabla yenu.

Wote mtakimbilia wafungaji. Waacheni wenzako wakimbilie. Wewe ukifika mzunguko wa pili ukakuta Hašek au Patrick Roy yupo, mchukue. Roy ana tuzo 3 za Conn Smythe, 1986, 1993 na 2001. Ile ya 1993 niliiona kwa macho yangu hapa Montréal: alishinda mechi 10 mfululizo za muda wa nyongeza. Wakishachukuliwa hao, mzunguko wa tatu mwulizie Terry Sawchuk. Mchujo wa mwaka 1952 Detroit walicheza mechi 8, wakashinda zote 8, na Sawchuk alifungwa mabao 5 tu.